Samaki wa Wekesa na Koo la Mama

Mwanangu, siku inayonijia sana nikikaa peke yangu ni ile niliyomshika samaki mgonjwa ndani ya kitambaa kilicholowa, mume wangu akimsukumia chakula mdomoni kwa bomba la sindano, na mama yangu mzazi akitutazama kutoka kwenye kochi. Tulikuwa hapa hapa Kitale, asubuhi, redio ikiimba nyimbo za kanisa. Nilidhani mama anamhurumia samaki. Mpaka leo sina uhakika alikuwa anamhurumia nani.

Nitakueleza polepole, na usiniharakishe, maana nikiharakishwa nachanganya mambo, na jambo hili lenyewe lilishanichanganya vya kutosha. Nimesikia umemleta mama yako kwako, ni mgonjwa, hali chakula, na wewe umeanza kumkasirikia. Si vibaya. Hata mimi nilikasirika. Ndiyo maana nimekuita. Chai ndiyo hiyo, kunywa, na kama huitaki pia ni sawa.

Wakati huo nilikuwa bado kijana. Usicheke, wewe. Kweli nilikuwa na watoto wa sekondari, lakini mtu ambaye mama yake yuko hai bado ni mtoto tu, hata akiwa na mvi. Mume wangu Wekesa, unamjua, alikuwa fundi wa friji na televisheni. Hoteli moja ya mjini ilipofungwa, mwenye hoteli akampa tangi la kioo la kufugia samaki, pampu yake, na samaki wawili wa rangi ya chungwa. Aliliweka sebuleni, pale palipokuwa na kabati la vyombo, na vyombo vyangu vikahamia jikoni kwenye katoni. Nilinung'unika wiki nzima. Yeye akasema ati nyumba sasa ina uhai.

Mama alikuwa kijijini Kamukuywa, kwenye boma letu, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Siku moja akaanguka kwenye shamba la mahindi, akakaa hapo mpaka jirani akamkuta. Ndugu zangu wote walikuwa mbali na kazi zao. Mimi nikalia. Wekesa hakulia. Aliazima pikapu ya rafiki yake, akaniambia, "Mama anakuja hapa. Hospitali iko karibu, na wewe uko." Ningemwambia nini mwanamume wa namna hiyo, mwanangu? Nilimshukuru Mungu.

Sasa, wewe umezaliwa mjini, kwa hivyo wacha nikukumbushe kitu. Kwetu Wabukusu, mkwe na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawasalimiani kwa mkono, hawakai meza moja, na wakionana njiani mmoja hukata kona. Mama halali nyumbani kwa binti yake aliyeolewa, na kula huko ndiyo kabisa hapana. Mimi niliyajua hayo. Wekesa, aliyelelewa mjini, aliyajua kwa kusikia. Lakini tulikuwa watu wa kanisa, na mama ndiye alikuwa kiongozi wa akina mama huko kwao. Yeye mwenyewe ndiye aliyetamka, tena mbele ya watu, kwamba hayo ni mambo ya zamani na sisi tumeokoka. Akapanda pikapu, akakaa mbele kando ya Wekesa, akaweka mkoba magotini, akaangalia nje ya dirisha mpaka tukafika Kitale. Nikasema moyoni, jambo hilo limeisha.

Basi akaanza kutokula. Siku ya kwanza alisema amechoka na safari. Siku iliyofuata ilikuwa jino. Halafu ikawa gesi tumboni, halafu chumvi imezidi, halafu ugali wa unga wa dukani haumfai. Nikasaga mahindi yetu wenyewe, nikamletea mboga ya mrenda anayoipenda, nikachinja jogoo. Anamega tonge, analizungusha kwenye mchuzi, anaongea habari za Kamukuywa, na tukimaliza kula tonge bado liko pale pale kwenye sahani. Na Wekesa, maskini, alikuwa anamkaribisha kwa moyo wote. Anavuta kiti chake karibu na cha mama. Anamchagulia firigisi. Anamwambia, "Mama, hapa ni kwako."

Kilichonitisha kilikuwa dawa. Daktari alituambia vidonge vile havimezwi tumbo likiwa tupu, sukari itashuka sana na anaweza asiamke. Tukamrudisha kwa daktari. Wakampima damu, mkojo, tumbo, kila kitu. Daktari akasema hakuona kinachomzuia kula. Alisema, "Hakikisheni anakula." Ndivyo wanavyosema, kisha wanaita mgonjwa anayefuata.

Katikati ya hayo, na samaki nao wakaacha kula. Nakwambia kweli, sitii chumvi. Wekesa anawamwagia chakula, kinaelea, kinalegea, kinazama. Samaki mkubwa akakaa chini kwenye pembe, mapezi ameyabana. Wekesa alikwenda agrovet, wakamwambia hapo kuna dawa za ng'ombe na kuku, samaki si huwa anakula tu? Akarudi akakaa na simu yake jioni nzima. Akagundua kwamba kuna watu duniani wanaowalisha samaki wagonjwa kwa nguvu. Unachemsha minji, yaani njegere, unatoa maganda, unaponda mpaka iwe uji. Unaivuta kwenye bomba la sindano lisilo na ncha, unaweka kipande kidogo cha mpira laini mbele. Unamshika samaki na kitambaa chenye maji, unamfungua mdomo, unasukuma taratibu.

"Hii samaki iko na njaa," Wekesa aliniambia, "ni vile tu haijui."

Mimi nilimwelewa haraka, kwa sababu ndivyo tulivyolea watoto. Mtoto akikataa uji, unamlaza mapajani, unamwekea kiganja mdomoni, unamimina, anameza ili apate kupumua. Mama alinilea hivyo na mimi nikawalea wangu hivyo. Hatukuona kosa lolote. Tuliona ni mapenzi.

Kwa hivyo asubuhi ile nikashika kitambaa. Samaki alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri, na mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungwa, unafunguka na kufungwa, hata kabla hatujamgusa. Wekesa akasukuma. Uji wa kijani ukaingia, mwingine ukatokea pembeni kwenye matamvua anakopumulia. Tukamrudisha majini. Akazama upande mmoja, akainuka, akarudi kwenye pembe yake. Wekesa akasema ameshiba. Tukafanya vivyo hivyo kesho yake, na siku zilizofuata, kwa wote wawili. Kila mara mama alikuwa kwenye kochi, mkono mdomoni.

Nyumba yangu ikawa nyumba ya kulisha. Nikitoka kwa samaki naenda kwa mama. Kula, mama. Kidogo tu, mama. Hata kijiko kimoja, mama. Alikuwa amekonda, pete ya ndoa ameihamishia kidole gumba. Nilikuwa nikimuuliza kwa nini hali, naye ananiangalia kama mtu aliyesahau jina la kitu, kisha anasema, "Sijui, Nafula. Chakula chako ni kizuri." Sasa hilo ni jibu gani? Nilikuwa natoka nje kuanika nguo ambazo zimeshakauka, ili nisimjibu vibaya.

Halafu ikafika Jumapili. Tulitoka kanisani, nikapika, tukakaa mezani. Mama akalizungusha tonge lake. Wekesa akamtazama, macho yakamlengalenga. Akainuka, akazunguka meza, akapiga magoti kando ya kiti cha mama yangu. Akachota mchuzi na kipande cha nyama kwa kijiko.

"Mama," akasema, "nifanyie mimi. Kimoja tu."

Mama akanitazama. Sitasahau alivyonitazama. Na mimi, mwanangu, niliona jambo zuri sana mbele yangu, mkwe anampigia mama mkwe magoti, nikafikiri hata malaika wanaona. Nikamshika mama bega, nikamwambia fungua mdomo. Akafungua. Akameza. Kijiko cha pili akameza, macho ameyafumba. Wekesa akafurahi, akasema unaona, mama, unaweza! Tukampa vidonge vyake. Mama akasimama, akasema anakwenda uani. Nilipomfuata nilikuta ameegemea ukuta, na kila kitu kimetoka nje, isipokuwa vidonge, ambavyo havikuonekana. Muda si mrefu akaanza kutetemeka na kutoka jasho, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Kisha akazimia mikononi mwangu.

Tulimkimbiza hospitali. Wakamtundikia dripu ya glukosi, akafungua macho, akalazwa. Nilikaa kando ya kitanda nikijua namzika.

Sasa sikiliza kitu kilichoniacha mdomo wazi. Jioni likaja toroli la chakula. Unakijua chakula cha hospitali: ugali umekauka juu, kabichi imechemshwa mpaka haina rangi. Mama akaketi, akavuta sahani, akala. Akala yote. Akapangusa sahani na tonge la mwisho, akamuuliza yule mama wa toroli kama kuna nyongeza. Kesho yake vivyo hivyo. Wagonjwa wenzake wanalalamika, yeye anawaambia kabichi si mbaya.

Nilipaswa kufurahi, si ndiyo? Nilifurahi, lakini pia niliumia. Jogoo wangu amemkataa, mrenda wangu ameukataa, anakuja kula kabichi ya serikali! Nilijiuliza kama ananichukia. Nilijiuliza kama anadhani nina nia mbaya naye, maana unajua mtu akikataa chakula chako huku kwetu watu husema nini. Nikamwambia Wekesa, yeye akafurahi tu. Akasema basi amepona, turudi nyumbani.

Tulipofika nyumbani tukawakumbuka samaki. Siku zote hizo tulikuwa hospitalini, hakuna aliyelisogelea tangi. Yule mkubwa alikuwa ameelea, amekufa. Lakini yule mdogo, ambaye naye alikuwa hali, alikuwa anazunguka kwenye kioo akitafuna ule ukungu wa kijani ulioota pembeni. Anakula kwa bidii. Wekesa akachuchumaa mbele ya kioo kumtazama, na samaki akaacha, akarudi chini. Sasa, mkubwa aliuawa na ugonjwa au aliuawa na mikono yetu? Na mdogo aliponywa na ile minji tuliyomlazimisha au aliponywa na sisi kuondoka? Nimelifikiria swali hilo miaka yote hii na sijapata jibu. Ukilipata uniambie.

Na mama? Aliporudi tu, koo likafunga. Chakula cha mchana akasema ameshiba. Cha jioni akasema kesho.

Hapo nikachoka. Asubuhi Wekesa alipokwenda kazini nilipika uji wa wimbi, mwepesi, nikaupooza. Nikachukua bomba jipya la sindano nililonunua duka la dawa, safi, halijawahi kumgusa samaki. Nikaviweka kwenye trei, nikaenda kukaa mbele ya mama. Nilikuwa nimeamua. Sikuwa tayari kumzika mama yangu kwa kuogopa kumkosea adabu.

Mama akaitazama trei. Akalichukua lile bomba, akaligeuzageuza.

"Kumbe leo ni zamu yangu," akasema.

Nikaanza kulia. Nikamwambia mama, niambie nimekukosea nini, maana hospitali ulikula. Akalirudisha bomba kwenye trei. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisikiliza mwenyewe.

"Hujanikosea. Mimi sijui, Nafula. Nimeokoka, unajua nimeokoka. Nilisema mila imeisha, na sikusema uongo. Lakini nikiona viatu vya mume wako mlangoni, koo langu linafunga. Siyo mimi ninayelifunga. Nimeomba Mungu alifungue, halifunguki. Na yule kijana ni mzuri, ningemwambiaje kwamba akinipa chakula ndiyo siwezi kumeza?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akasema ataniambia nini, wakati yeye mwenyewe alikuwa anajishangaa. Alidhani labda imani yake ni ndogo. Kisha akanikemea, na ndilo neno nililokuitia.

"Kila siku uliniuliza kwa nini sili. Hukuniuliza hata siku moja ningeweza kula nikiwa wapi."

Nilichukua leso nikajifunga, nikatoka. Karibu na msikiti alikuwa anakaa Mama Zuhura, mjane, muuza vitambaa, tuliyefahamiana sokoni miaka mingi. Alikuwa na chumba nyuma. Nilianza kumwelezea huku nikiona aibu, kiongozi wa kanisa ameshindwa na mila za wazee, lakini hakuniacha nimalize. "Hata sisi tuna zetu," akasema. "Mlete, bana." Mchana huohuo mama akahamia. Jioni nilipokwenda kumwangalia nilimkuta mkekani na Mama Zuhura, mbele yao sahani ya maharagwe ya nazi na chapati moja, na mama anauliza nazi inakunwaje. Akanikaribisha kama mgeni. Nilisimama mlangoni nikacheka na kulia kwa pamoja, watu wawili wale wakanishangaa.

Kazi ilibaki kumwambia Wekesa. Nilijaribu kuyapanga maneno, lakini hakuna namna nzuri ya kuyapanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo ugonjwa ni mimi?"

Kumwambia siyo wewe, ilikuwa uongo. Ndiyo wewe, ilikuwa uongo pia. Mtu aliazima gari, akaleta mgonjwa, akapiga magoti, na sasa anaambiwa kwamba mapenzi yake ndiyo yaliyomkaba mtu. Hakula chakula chake cha jioni. Mimi sikumlazimisha. Hilo nilikuwa nimeshajifunza.

Baada ya hapo hakukanyaga kwa Mama Zuhura. Lakini kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alikuwa anakwenda mwenyewe kwa mwenye ng'ombe, ananiletea chupa ya maziwa, ananiambia mpelekee. Usimwambie yametoka kwa nani, ananiambia. Nami nilikuwa napeleka, nasema maziwa haya hapa, mama anapokea, hatuulizani.

Mama akanenepa. Pete ikarudi kwenye kidole chake. Ndugu yangu mkubwa akapata likizo, akajenga choo kizuri nyumbani na kumtafuta msichana wa kumsaidia, akaja kumchukua arudi Kamukuywa. Siku hiyo Wekesa alikuja mpaka kwenye geti la Mama Zuhura kutupakilia mizigo. Alipojua mama yuko mlangoni, nyuma ya pazia, akageuka, akampa mama mgongo kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Nilimwona mabega yake yameinama. Hakuna mtu aliyemfundisha.

Mama akasema kutoka nyuma ya pazia, "Mkwe."

Wekesa akaitika bila kugeuka.

"Yale maziwa. Nilijua ni ya nani. Niliyanywa yote."

Wekesa akaanza kusema asante mama, hakumaliza. Akashika ndoo iliyokuwa karibu, haikuwa hata ya kwetu, akaibeba mpaka kwenye gari.

Mama aliishi miaka mingine mizuri huko kwake, akila vizuri. Hawakuwahi kukaa meza moja tena, na sijaona watu wawili waliopendana kuwazidi.

Sasa mwanangu, usinielewe vibaya. Sikwambii urudi kwenye mila, wala sikwambii uziache. Mimi mwenyewe sijui kama kilichomfunga mama koo kilikuwa mila, au haya, au sukari, na pasta niliyemuuliza naye alikuna kichwa. Wala sikwambii umwache mgonjwa afe njaa. Daktari akisema mpira wa chakula upite puani, upite, na umshike mama yako mkono. Lakini kabla ya kumfungua mtu mdomo, toka kwanza chumbani. Mwondolee macho yako. Angalia umemkalisha wapi, amekaa na nani, nani anamtazama akitafuna. Usimuulize tu kwa nini hali, maana huenda hata yeye hajui, na swali hilo litamfanya atafute uongo wa kukuridhisha. Muulize angeweza kula akiwa wapi. Na akikutajia mahali ambapo wewe hupo, usinune. Mpeleke. Kisha tafuta njia yako ya kumpelekea maziwa.

Haya, nenda nyumbani, jua linashuka na mgonjwa hapaswi kukaa peke yake sana. Mungu akupe mikono inayojua wakati wa kushika na wakati wa kuachilia. Ampe mama yako njaa nzuri. Na siku ukizeeka, ukaletewa chakula usichoweza kukimeza, Mungu akupe mtoto atakayekaa kimya kando yako mpaka upate maneno.